Njaa Isiyo na Adabu

Kisa hiki kinaanzia kwenye mizani. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, katika zahanati moja ya hapa Tanga ambayo sitaitaja, na aliyepanda mizani alikuwa dada yangu mkubwa. Nilimsindikiza kwa sababu presha ilikuwa inampanda. Mshale ukapita kilo 100, ukatetemeka, ukasimama kwenye 104. Muuguzi aliyekuwa anaandika hakunong'ona. Alisema kwa sauti ya kusikika benchi zima: "Dada, dawa yako wewe rahisi tu. Funga mdomo!" Watu wakacheka. Hata dada naye akacheka. Namjua dada yangu. Kicheko kile hakikuwa chake.

Tangu siku hiyo akaacha chakula cha usiku. Sasa kwetu sisi ni watu wa karai. Mama anakaanga maandazi na vitumbua tangu kabla sijazaliwa, na dada ndiye anayeamka saa nane usiku kukanda unga. Hebu fikiria mtu aliyelala na njaa, kisha alfajiri anasimama mbele ya mafuta yanayochemka huku maandazi yanavimba mbele ya pua yake. Alivumilia miezi miwili, akapungua kilo saba. Mwezi wa tatu nikamsikia usiku anafunua sufuria polepole, kama mwizi, na nyumba ni yake mwenyewe. Kufika mwisho wa mwaka kilo zote saba zilikuwa zimerudi, zikaja na wageni wawili. Nilipomuuliza alinijibu hivi: "Mdogo wangu, mimi si mlafi. Njaa yangu ndiyo haina adabu."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Mimi elimu yangu imeishia kidato cha nne, na ndoto yangu ni kuandika riwaya. Mtu anayetaka kuandika riwaya hana budi kuuliza mhusika wake anatenda anayoyatenda kwa sababu gani. Basi nikaingia maktaba, nikaazima vitabu vya rafiki aliye chuo, nikasoma kwa kamusi pembeni. Nilitaka kujua jambo moja tu: ni nani wa kwanza aliyeuliza kama njaa inaweza kuwa na kosa lisilo la mwenye njaa? Kumbe swali hilo lina historia ndefu, na shujaa wake mkubwa ni panya.

Lakini kabla ya panya, neno. Mwaka 1902 mabwana wawili wa London, William Bayliss na Ernest Starling, waligundua kuwa utumbo unaweza kuiamrisha kongosho bila kupitia mishipa ya fahamu. Unatuma mjumbe ndani ya damu, basi. Mwaka 1905 Starling akawapa wajumbe wa namna hiyo jina la homoni, kutoka neno la Kiyunani lenye maana ya kuchochea. Napenda sana wazo hili. Kumbe mwili unaandikiana barua, na damu ndiyo posta yake.

Barua ya kwanza inayohusu mafuta ilisomwa Chicago mwaka 1928. Andrew Ivy na Eric Oldberg walionyesha kuwa mafuta yakifika kwenye utumbo mwembamba, utumbo unatoa homoni inayokibana kifuko cha nyongo kimwage nyongo yake. Waliiita kolesistokinini. Ni jina la kuvunja meno, nami nitaliita CCK kama wanavyofanya wenyewe. Miaka 45 ikapita ndipo, mwaka 1973, James Gibbs, Robert Young na Gerard Smith wa huko New York walipowadunga panya CCK na kuona wanaacha kula mapema. Tangu hapo ikajulikana kwamba mafuta ya chakula yanaiambia akili: inatosha. Tena yanachelewesha tumbo kujimwaga. Ndiyo maana ukila wali wa nazi mchana, hadi alasiri bado unausikia.

Hapo nikakwama. Kama mafuta yanashibisha, mbona yananenepesha? Maana mwaka 1955 huko Marekani Olaf Mickelsen na wenzake walikuwa wameshachapisha taarifa ya panya waliolishwa chakula cha mafuta mengi wakawa mapipa. Hakuna aliyewalazimisha. Walikula wenyewe, wakanenepa wenyewe. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na ya wanga ina 4, hilo tulifundishwa shuleni. Lakini kalori hazielezi kila kitu. Panya anayejaziwa wanga wa kutosha huwa anaacha. Kwa nini huyu wa mafuta hakuacha? Nani alimzibia masikio?

Kwa jibu inabidi tumwache Mickelsen kidogo tuingie ndani ya ubongo. Mwaka 1940, Chicago tena, Hetherington na Ranson waliharibu kwa makusudi sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo wa panya, iitwayo haipothalamasi, na panya wakanenepa ajabu. Mwaka 1953 Mwingereza Gordon Kennedy akatoa hoja iliyoonekana ya kichawi: huenda mafuta yaliyohifadhiwa mwilini yanatoa alama fulani, na ubongo unaipima alama hiyo kama mwenye ghala anavyohesabu magunia. Magunia yakipungua, njaa inapanda. Yakizidi, inashuka. Mwaka 1959 G. R. Hervey akaikaribia zaidi. Aliwaunganisha panya wawili ubavu kwa ubavu ili damu zao zivuke kidogo, kisha akaharibu haipothalamasi ya mmoja. Yule aliyeharibiwa akanenepa. Mwenzake akakonda.

Sitaki kuficha: niliposoma habari za kuwashona panya wazima ubavu kwa ubavu nilifunga kitabu nikatoka nje. Lakini nilirudi.

Sasa twende Bar Harbor. Ni mji mdogo kwenye kisiwa cha jimbo la Maine, Marekani, ambako kuna maabara ya Jackson iliyojengwa kwa kazi ya kuzalisha na kuchunguza panya. Oktoba 1947 moto mkubwa wa msitu uliwaka kisiwani, ukaiteketeza maabara pamoja na panya wake wengi mno. Wataalamu waliokuwa wamenunua panya kutoka hapo miaka ya nyuma walirudisha vizazi vyao kutoka sehemu mbalimbali, na maabara ikaanza upya. Katika majivu hayo, kama ningekuwa natunga mimi, ndipo ningemzalia shujaa. Na kweli, mwaka 1949, miaka miwili tu baada ya moto, alionekana panya mdogo aliyenenepa kupita ndugu zake wote. Hakuwa ameharibiwa na mtu. Alizaliwa hivyo. Panya wa aina yake walikula bila kikomo, wakafikia uzito wa mara tatu ya wenzao, na taarifa yao ikachapishwa mwaka 1950. Wakaitwa ob, kifupi cha neno la Kiingereza la unene. Miaka ya sitini ikazuka nasaba nyingine palepale, wanene vilevile na tena wenye kisukari kikali. Hao wakaitwa db.

Mtu aliyewasemea panya hawa alikuwa Douglas Coleman, mzaliwa wa Stratford, Kanada. Alifika Bar Harbor mwaka 1958 akitarajia kukaa mwaka mmoja au miwili. Alistaafu hapohapo mwaka 1991. Coleman alijiuliza kama kosa la panya hawa lilikuwa ndani ya damu, akarudia mtindo wa Hervey wa kuunganisha.

Msomaji wangu, hapa naomba usome taratibu, maana hii ndiyo sehemu iliyoninyima usingizi. Alimwunganisha db mnene na panya wa kawaida. Alitegemea mnene amwambukize mwenzake unene. La hasha! Yule wa kawaida aliacha kula. Chakula kipo mbele yake, hakigusi, mpaka akafa kwa njaa, huku db ubavuni mwake anaendelea kula. Coleman akamwunganisha db na ob. Ob, yule mlafi wa kuzaliwa, naye akaacha kula, akakonda, akafa. Db akabaki mnene. Mwisho akamwunganisha ob na wa kawaida. Hapo hakufa mtu. Ila ob akala kidogo na unene wake ukapungua.

Tulia utazame. Damu ya db imejaa barua za kusema "tumeshiba, tumeshiba", nyingi kiasi cha kumwua jirani. Yeye mwenyewe ni kiziwi, hazisikii. Ob anasikia vizuri kabisa, ila mwilini mwake hakuna mwandishi wa barua. Magonjwa mawili tofauti kabisa, na kwa nje yanaonekana unene uleule mmoja. Muuguzi wa zahanati yetu angewaambia wote wawili wafunge mdomo.

Coleman aliyaandika hayo kati ya mwaka 1969 na 1973, na wengi hawakuyakubali. Wakati huo unene ulihesabiwa kuwa tabia, udhaifu wa moyo. Yeye mwenyewe alijaribu miaka mingi kuikamata hiyo homoni, ikamponyoka.

Ndipo akaingia mtuhumiwa wetu wa zamani, CCK. Mwaka 1979 Eugene Straus na Rosalyn Yalow, mama aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel miaka miwili nyuma, walitangaza kuwa ubongo wa panya ob una upungufu wa CCK. Ilikuwa hadithi tamu sana: homoni inayoamshwa na mafuta ya chakula ndiyo hiyohiyo inayokosekana kwa mnene. Sahani na kiuno vingefungwa kwa kamba moja. Lakini wengine walipopima hawakuuona upungufu huo. Katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, daktari kijana Jeffrey Friedman alishiriki kutafuta jeni ya CCK ilipo. Ikapatikana kwenye kromosomu ya 9 ya panya. Kosa la ob liko kwenye kromosomu ya 6. Kesi ikafutwa. Wakati mwingine mtu huonekana mwizi kwa kuwa tu anaishi jirani na dukani.

Mwaka 1986 Friedman akaanza kumsaka mhalifu halisi. Siku hizo kutafuta jeni moja ilikuwa kama kutafuta nyumba isiyo na namba Manzese nzima kwa kugonga kila mlango. Ilimchukua miaka minane. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 8 Mei 1994, aliingia chumba cha giza kusafisha filamu, akaona: kuna jeni inayofanya kazi ndani ya mafuta ya mwili, na kwa panya ob imeharibika. Taarifa ikatoka katika jarida la Nature Desemba 1994. Homoni ikaitwa leptini, kutoka neno la Kiyunani lenye maana ya wembamba. Mwaka 1995 panya ob wakadungwa leptini, wakapoteza karibu asilimia 30 ya uzito wao ndani ya wiki mbili. Panya db wakadungwa, wakabaki vilevile. Ni kama Coleman alivyosema, miaka ishirini na zaidi kabla. Kipokezi kinachoisikia leptini kilipopatikana mwishoni mwa 1995, ikathibitika mwaka uliofuata kuwa ndicho kilichoharibika kwa db.

Basi mafuta yale tuliyoyaona mzigo, nyama ya ziada, kumbe ni kiungo kinachosema. Kitambi kinaandika barua kila siku.

Dunia ikashikwa na wazimu kidogo. Kampuni ya dawa iitwayo Amgen ililipa dola milioni 20 kupata haki ya leptini. Kila mtu akasubiri sindano ya kuwafanya wanadamu wembamba. Na kwa wachache sana ilikuja kweli. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliozaliwa bila leptini: msichana wa miaka 8 mwenye kilo 86 na mvulana wa miaka 2 mwenye kilo 29. Huyo msichana alianza sindano, na taarifa ya mwaka 1999 ikasema katika miezi 12 alikuwa amepungua kilo 16. Zaidi ya kilo, alikuwa sasa anashiba. Ile njaa ya kulilia chakula ikaondoka. Hakuna aliyempa nidhamu, alipewa homoni.

Lakini watu wanene wa kawaida, akina dada yangu, walipopimwa mwaka 1996 ikaonekana kuwa leptini wanayo, tena nyingi kuliko wembamba. Na majaribio ya kuwaongezea sindano, yaliyochapishwa mwaka 1999, yakaleta matokeo madogo na yasiyotabirika. Wao si ob. Wanafanana zaidi na db, ingawa kipokezi chao hakijaharibika tangu kuzaliwa. Barua zinafika kwa wingi na hazisomwi. Wataalamu wakaliita jambo hilo ukinzani wa leptini.

Na hapa, baada ya safari yote, ndipo tunarudi kwa wale panya wa Mickelsen. Nani aliwazibia masikio? Mwaka 1995 uleule, kundi la watafiti wa Boston lilionyesha kwamba panya wazima, wenye jeni zao salama, wakilishwa mafuta mengi wananenepa, leptini yao inapanda, na bado hawaachi kula. Ukiziwi wa db ulikuwa umetengenezwa kwa chakula! Mwaka 1998 Covasa na Ritter wakaonyesha la pili: panya waliozoeshwa mafuta mengi hupungukiwa pia na usikivu kwa CCK. Yaani mlango wa kwanza, wa utumbo, na mlango wa pili, wa ubongo, vyote vinapoteza kengele. Mwaka 2012 Joshua Thaler na wenzake wakatazama ndani ya haipothalamasi ya panya na kukuta uvimbe unaanza ndani ya siku tatu za kwanza za chakula cha mafuta, kabla mwili haujanenepa sana. Siku tatu, jamani. Ni sawa na harusi moja ya kwetu.

Naomba nisieleweke vibaya. Panya si mtu, na chakula chao cha maabara huwa ni mafuta ya nguruwe pamoja na sukari kwa kiwango ambacho hata mimi mtoto wa karai sikifikii. Tena mafuta yenyewe si shetani. Daktari George Mann aliwapima Wamaasai wa Tanganyika, na taarifa yake ya mwaka 1964 ilieleza wanaume waliolelewa kwa maziwa na nyama, lehemu ikiwa chini na dalili za ugonjwa wa moyo zikiwa chache mno. Mann alikuwa anatafuta moyo, hakuwa anatafuta njaa, lakini mtu yeyote aliyepanda basi na Mmaasai anajua kama ni mnene au la. Na mwaka 2021 Kevin Hall wa Marekani alichapisha jaribio la watu 20 waliowekwa chini ya uangalizi, wakila watakavyo, wiki mbili chakula chenye mafuta kidogo sana na wiki mbili chakula cha mafuta mengi chenye wanga kidogo. Kwenye mafuta kidogo walikula karibu kalori 690 pungufu kwa siku, bila kuambiwa wapunguze. Lakini hata kwenye mafuta mengi hawakunenepa. Waliponenepa ni katika jaribio lake jingine, la mwaka 2019, walipopewa vyakula vya kiwandani vilivyosindikwa sana: walikula karibu kalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka karibu kilo moja kwa wiki mbili, ingawa mafuta na sukari vilivyowekwa mezani vililinganishwa na vile vya chakula cha kawaida.

Hukumu yangu mimi, isiyo ya mtaalamu, ni kwamba mafuta hayaibi peke yake. Huenda na wenzake. Mmaasai hakuyala na unga wa ngano na sukari, yakiwa yamekaangwa laini kiasi cha kumezwa bila kutafunwa. Sisi ndivyo tunavyoyauza, matatu kwa mia tano.

Jambo jingine lililonigusa ni lile la kilo saba kurudi. Mwishoni mwa mwaka 1944, Ancel Keys alianza jaribio la njaa katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Vijana 36, waliokataa kupigana vita kwa sababu ya dhamiri zao, walijitolea kupunguziwa chakula kwa wiki 24 mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito. Hawa si watu wa moyo dhaifu. Ni watu waliosimama mbele ya serikali yao wakati wa vita wakasema hapana. Lakini njaa iliwageuza. Waliota chakula, walizungumza chakula, wengine walikusanya vitabu vya mapishi. Walipofunguliwa walikula hadi kuumwa na bado wakasema hawajashiba. Keys hakuwa na neno leptini. Sisi tunalo. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne waliwafuatilia watu waliokuwa wamepungua kwa mlo mkali wa wiki 10, na mwaka mmoja baadaye homoni zao bado zilikuwa zinapiga yowe: leptini chini, ghrelini juu, njaa juu.

Ghrelini sijaitaja bado. Iligunduliwa Japani na Masayasu Kojima na Kenji Kangawa mwaka 1999. Hii hutoka tumboni, na badala ya kusema tumeshiba inasema leteni chakula. Ina ajabu yake: haifanyi kazi mpaka ibandikwe kipande kidogo cha mafuta, asidi ya aina inayopatikana katika nazi na maziwa ya mbuzi. Mwaka 2005 kundi la Kojima likaonyesha kwa panya kuwa kipande hicho kinaweza kutoka moja kwa moja kwenye mafuta waliyokula. Watu wa Tanga msinitupie vifuu, sijasema tuache nazi. Nasema tu kwamba hata sauti ya njaa inachukua wino wake kwenye sahani.

Na haikai kwenye sahani peke yake. Mwaka 2004 Karine Spiegel na wenzake wa Chicago waliwalaza vijana 12 saa nne tu kwa usiku, siku mbili. Leptini ikashuka asilimia 18, ghrelini ikapanda asilimia 28. Niliposoma hapo nilikumbuka saa nane usiku, mlio wa unga unavyopigwa kwenye beseni.

Siku hizi zimekuja sindano zinazoiga homoni nyingine ya utumbo, GLP-1, na zinapunguza watu kwelikweli. Bei yake sisi hatuiwezi, kwa hiyo naipita. Coleman na Friedman walipewa Tuzo ya Lasker mwaka 2010, pamoja. Mzee Coleman alifariki mwaka 2014, baada ya miaka mingi ya ustaafu akitunza msitu wake huko Maine.

Nilimsimulia dada yote haya usiku mmoja, yeye anakanda, mimi nimekaa juu ya ndoo. Majina ya Wazungu hakuyajali. Aliuliza jambo moja tu. "Yule panya wa kawaida, aliyeunganishwa na mnene akafa. Alikuwa anajisikia njaa?"

Nikamwambia kwa ninavyoelewa hapana, damu ya mwenzake ilikuwa inamwambia ameshiba.

Akanyamaza, akaendelea kukanda. Kisha akasema, "Mimi ndiye yule mwingine. Watu wanadhani nasikia."

Sasa anakula usiku pamoja nasi, ugali na mlenda au dagaa wa kuchemsha, sahani moja, mezani, mbele ya watu. Maandazi ya kwetu anauza, hali. Amesema hilo ameliamua yeye, si muuguzi. Usiku sijamsikia tena kwenye sufuria. Na tangu mwezi uliopita zamu ya kukanda tunapokezana, siku yake na siku yangu, ndiyo maana mwandiko wa makala hii umechelewa.

Wiki iliyopita tulikwenda zahanati nyingine. Mshale ulisimama kwenye 101. Muuguzi wa huko, mama mtu mzima, aliandika namba bila kuitaja, akavua miwani, akamwuliza: "Mwanangu, huwa unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi?"

Dada akageuka kunitazama.